Kiatu cha Banyani: Mfipa Alivyoingia Hekaluni

Ukiwa Dar es Salaam ukasema unatoka Sumbawanga, subiri kidogo, kuna mzaha unakuja. Mwenzako atajisogeza pembeni, atainua mikono juu, atasema, "Basi kaka, usiniroge," na wote waliopo watacheka. Nimeishi na mzaha huo tangu mwaka wa kwanza chuoni, nimeuzoea kama mtu anavyozoea jina la utani. Siku hizi nawajibu kwamba jina la mji wetu wazee hulifasiri kama amri: sumba wanga, yaani tupa uchawi, uache huko huko kabla hujaingia. Hawasikilizi. Mzaha ni mtamu kuliko asili ya neno.

Naanza na hilo kwa sababu nataka kusimulia habari za mahekalu ya Wahindu, na ni vizuri ijulikane mapema anayesimulia ni nani. Ni mtu ambaye imani ya wazee wake imechekwa sana, na ambaye yeye mwenyewe alizicheka za wenzake kwa miaka mingi bila kuona ubaya wowote.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Laela, kwenye njia ya kwenda Tunduma. Alikuwa Mkatoliki wa rozari mkononi, na alikuwa na methali kwa kila jambo, ingawa Kiswahili chake alikichanganya na Kifipa mpaka sisi wajukuu wa mjini tunabaki kutazamana. Akinunua kitu kwa mtu asiyempenda, alisema: Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Siku moja nikamuuliza, banyani ni nani? Akasema ni Mhindi, yule wa duka la nguo pale mjini, zamani, kabla mama yako hajaolewa. Na kiatu je? Akanieleza kwamba mtu akianguka kifafa ananusishwa kiatu cha ngozi ili azinduke. Sasa kama kiatu kilicho karibu ni cha banyani, utakiacha? Nilikuwa mtoto msumbufu, nikaendelea: huyo Mhindi alikuwa anasali wapi? Bibi hakufikiri hata kidogo. "Hakuwa anasali. Mungu wake alikuwa kwenye droo."

Kwa akili ya mtoto jibu lilitosha. Kwetu kila imani ina jengo lake. Wamisionari wa White Fathers waliingia Karema, kule ziwani, mwaka 1885, na wakapanda mlima hadi uwanda wote wa Ufipa ukajaa misheni za matofali. Jimbo lenyewe lililokuwa likiitwa Karema likachukua jina la Sumbawanga mwaka 1969. Waislamu wana misikiti yao. Walokole wana mabati na vipaza sauti. Mhindi alikuwa na duka. Hekalu la Kihindu mimi sikuwahi kuliona Sumbawanga, na kitu ambacho mtoto hajakiona huwa hakipo.

Cha ajabu, huyo mtu asiye na Mungu alikuwa amejaa vinywani mwetu. Duka lenyewe ni neno lililopitia kwake. Pesa, laki, hundi, bima, gunia, gari, chapati, yote hayo yamesafiri na watu wa Gujarati na majirani zao. Hata bepari! Kwao vepari ni mfanyabiashara tu, mtu anayeamka asubuhi kufungua mlango. Sisi baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 tukalifanya kuwa tusi, tukalichora kwenye katuni likiwa na kitambi. Maneno ya sokoni tumechukua tele. Neno la sala kutoka kwao siwezi kutaja hata moja.

Na hapo kuna jambo dogo la lugha ambalo lilinichukua miaka kulielewa. Mhindi ni mtu wa asili ya Bara Hindi, awe na dini yoyote. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Irabu moja tu, lakini watu wengi hawaisikii. Waswahili wa pwani walikuwa makini zaidi: kwao Mhindi mara nyingi alikuwa yule Mwislamu, na asiye Mwislamu alikuwa banyani. Methali ilipopanda bara ikifuatana na misafara, tofauti hiyo ikadondoka njiani. Bibi yangu alimwita banyani mtu yeyote mwenye nywele za kulala.

Fasihi nayo haikunisaidia sana. Sikumbuki riwaya ya Kiswahili niliyoisoma shuleni ambayo ilimfuata Mhindi nyuma ya kaunta, ikaingia naye ndani akivua viatu. M. G. Vassanji alimfuata, kwenye The Gunny Sack ya mwaka 1989 (gunia, tena!), lakini jamii yake ni ya Kiismailia, kwa hiyo pale ndani hatukuti sanamu. Mhindu alibaki nje ya kitabu. Nilimaliza kidato cha sita nikijua zaidi kuhusu miungu ya Wagiriki kuliko ya watu waliomuuzia bibi yangu kaniki.

Kaniki hiyo ina historia. Wafipa walikuwa wafumaji. Pamba ilistawi bondeni Rukwa, na nguo zilifumwa kwa vitanda vya kufumia vya nyumbani, nzito na zenye kudumu. Walikuwa pia wafua chuma. Yale malungu, tanuri ndefu za udongo zinazompita mtu kimo, mabaki yake bado unayakuta porini ukitembea. Kisha vitu vya pwani vikafika: merikani kutoka Marekani, kaniki ya buluu iliyokolea kutoka India. Ukifuata uzi wa kaniki kurudi nyuma unafika Unguja, kwenye forodha ya Sultani, na pale unamkuta banyani. Kampuni ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, ilikodi forodha ya Zanzibar kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Wakala wake, Ladha Damji, ndiye aliyekopesha misafara. Hata mizigo aliyopelekewa Livingstone Ujiji ilipitia mikononi mwake. Livingstone mwenyewe alipita Ufipa mwaka 1872, safari yake ya mwisho. Kwa hiyo pesa ya Mhindu ilikanyaga ardhi yetu kabla Mhindu mwenyewe hajafika. Vitanda vya kufumia vikanyamaza kimoja baada ya kingine. Sisemi banyani alitumwa kutuua ufumaji, alikuwa anauza nguo. Ila naelewa kwa nini methali inaanza na neno "mbaya".

Sasa kwa nini hakujenga hekalu? Jibu ninalolipata kwenye historia si la droo. Wahindu wa tabaka za biashara walikuwa na mwiko wa kuvuka bahari, yale waliyoyaita maji meusi. Aliyevuka alitakiwa kutakaswa akirudi. Mwanamume alivuka kwa sababu ya riziki, mke akabaki. Burton alipokuwa Zanzibar mwaka 1857 aliandika kwamba Mabhatia hawakuleta wake zao. Mtu anayeishi ghala moja na wanaume wenzake, akihesabu miaka ya kurudi kwao, anajenga nini? Hekalu linataka familia, linataka kuhani, linataka sanamu iliyotiwa uhai kwa ibada ndefu, na baada ya hapo haiachwi peke yake: inaamshwa asubuhi, inalishwa, inalazwa usiku. Kumfungia mungu ofisi halafu ukahama ni jambo zito. Wakhoja wa Kiismailia walihama na wake na watoto, na ndio waliotangulia kusambaa bara. Ndiyo maana miji mingi ya bara ilipata jamatkhana mapema.

Wajerumani walikuwa na boma lao Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo. Reli ikafika Kigoma mwaka 1914, na tangu mwaka 1927 meli ya Liemba ikawa inashusha mizigo Kirando, Kipili na Kasanga. Wenye maduka walifuata njia hizo. Hadi Sumbawanga, mita 1,800 juu ya bahari, kwenye baridi inayouma masikio mwezi wa sita, walifika familia chache tu. Wahindu miongoni mwao walikuwa wachache zaidi.

Haya yote niliyasoma baadaye. Kwanza niliingia Kisutu.

Kisutu, Dar es Salaam, ni mtaa wa kutembea kwa miguu. Mahekalu yamekaribiana, minara yake yenye nakshi inachungulia katikati ya maghorofa, na chini wanauza maua na udi. Nilipita pale miaka miwili nikielekea kwenye kituo cha daladala bila kuinua macho. Mara ya kwanza nilipojaribu kuingia, mlinzi kijana kama mimi aliniuliza ninataka nini, nikakosa jibu, nikaondoka. Ningesema nini? Kwamba nataka kuona kama kweli Mungu wao yuko kwenye droo?

Mara ya pili nilikwenda na mwanafunzi mwenzangu, binti wa Kigujarati tuliyesoma naye kozi ya historia. Hakuona ajabu yoyote. "Vua viatu tu," alisema. Basi nikavua. Na pale mlangoni nikasimama kama mjinga, kwa sababu mbele yangu kulikuwa na viatu vya mabanyani, safu kwa safu: sandali, raba za watoto, viatu vya ofisini vilivyokanyagwa visigino. Nikamkumbuka bibi. Nilicheka peke yangu, binti akaniuliza nacheka nini, sikuthubutu kumwambia methali. Baadaye nilimwambia. Alikuwa anaijua tangu darasa la tatu. Walikuwa wanaimbiwa na watoto wenzake mapumzikoni.

Hekalu hilo lilikuwa la madhehebu ya Swaminarayan. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, na hilo lilinishangaza kwa jinsi lilivyonikumbusha msikiti. Sakafu baridi. Jioni ikafika, pazia likavutwa, kengele zikalia kwa nguvu ambayo sikuitegemea, na taa za samli zikazungushwa mbele ya sanamu zilizovishwa hariri huku watu wakiimba. Hiyo ndiyo arati. Kuhani alikuwa ametoka India na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Wale waliokuwa wanaimba, wakimaliza, walinong'ona kwa Kiswahili kuhusu foleni ya magari.

Wakagawa prasadi, chakula kilichokwisha kutolewa kwa mungu: kipande cha peremende ya maziwa na lozi. Hapo ndipo Ukatoliki wa Laela uliponisimama kooni. Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya vyakula vya sanamu, na katekista wetu hakuwahi kuiruka sehemu hiyo. Nilikishika kwenye karatasi laini mpaka kikaanza kuyeyuka. Mama mmoja mtu mzima, sari ya pamba, miwani mikubwa, akaniangalia muda wote huo. Tulipotoka kwenye viatu akanisogelea.

"Kula, haina dawa," alisema. "Wewe wa wapi?"

"Shikamoo mama. Wa Sumbawanga."

Nilijiandaa kwa mzaha. Haukuja. "Marahaba. Sumbawanga wapi? Mimi nimezaliwa Sumbawanga, mwanangu."

Tulikaa kwenye benchi mpaka mlinzi alipoanza kuzima taa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na katikati yake alichomeka maneno ya Kifipa ya kuhesabia na ya kujadiliana bei, ndiyo yaliyotumika dukani. Baba yake aliuza nguo na chumvi. Hapakuwa na mandiri, alisema. Kwao hekalu lilikuwa rafu. Rafu ya mbao chumba cha nyuma, juu ya magunia ya ulezi, yenye picha ya Lakshmi, kijisanamu cha Krishna cha shaba, na kibatari. Mama yake alikuwa anaamka saa kumi na moja, anaoga kwa maji ya baridi ile ya kwetu, anamwamsha mungu kabla ya kuamsha watoto. Mtu aliyekuwa mbele dukani hakuweza kuona. Mlango ulikuwa na pazia.

"Wateja walikuwa wanajua?" nikauliza.

"Nani angewaambia? Na sisi tulijua nyinyi mnasali nini? Tulijua mko kanisani Jumapili, duka linafungwa." Akanyamaza kidogo. "Tulikuwa na maneno yetu pia juu yenu. Si mazuri." Hakuyataja, na mimi sikumlazimisha.

Wiki iliyofuata alinipeleka hekalu jingine, la Shiva. Nilionyeshwa jiwe linalomwagiwa maziwa, na fahali Nandi aliyelala mbele yake, na picha ya Shiva mwenyewe na nyoka amejizungusha shingoni. Swila, alisema mama, hamdhuru. Nikahisi nywele zikinisimama, na si kwa woga wa swila. Nilimkumbuka bibi akimwambia mama kwa sauti ya chini, akidhani nimelala, habari za chatu wa mlimani ambaye wazee walimpaka mafuta.

Nilikwenda maktaba ya chuo. Nikakuta kwamba chatu wa kwetu yumo kitabuni: Roy Willis, Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, aliandika juu yake katika Man and Beast mwaka 1974. Chatu alihusishwa na mizimu ya nchi. Alikuwa na watunzaji wake, aliheshimiwa kama mgeni wa kifalme. Na Milansi, kijiji cha kale chini ya mlima Itweleele, ambacho mimi nilikijua kwa jina tu, kilikuwa kitovu cha heshima hiyo muda mrefu kabla ya wafalme wa Nkansi na Lyangalile kugawana nchi. Nilisoma nimesimama, katikati ya rafu. Bibi alikuwa na pazia lake. Alimwambia mjukuu habari za droo ya Mhindi kwa ujasiri wote, na habari za chatu alizisema usiku, kwa kunong'ona, kwa sababu katekista aliita uchawi na watu wa Dar es Salaam wangeita hivyo hivyo.

Nilimweleza yule mama. Hakushangaa hata kidogo. Aliuliza kama mafuta yenyewe yalikuwa ya karanga au ya samli.

Habari ya kuondoka kwao aliisema kwa kifupi, kama mtu anayesoma risiti. Mwezi Aprili 1971 sheria ilipitishwa ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na baba yake mkubwa akapoteza ghorofa aliyokuwa akiipangisha Dar es Salaam. Mwaka uliofuata Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90, na hata waliokuwa na pasi za Tanzania wakaanza kupanga masanduku. Baba yake alikataa. Alikuwa raia, alisema, na nani angemnunulia stoku yake? Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yafungwe, yafunguliwe ya ujamaa. Operesheni yenyewe ilisitishwa kabla ya mwaka kuisha, ila duka lao halikufunguliwa tena. Mama yake aliifunga Krishna ya shaba kwenye khanga, akaibeba mapajani ndani ya lori hadi Mbeya. Mizigo mingine ilikuja baadaye, mingine haikuja.

Kaka zake wako London. Amewahi kwenda kwao, akapelekwa Neasden, kwenye hekalu kubwa lililofunguliwa Agosti 1995, chokaa ya Bulgaria na marumaru ya Italia, mawe zaidi ya 26,000 yaliyochongwa India na kuunganishwa Uingereza. Wengi wa waliolijenga ni Wagujarati waliotoka kwetu, Kenya, Uganda, Tanzania. Nilimuuliza alijisikiaje. "Zuri sana," alisema. "Mle kantini wanaongea Kiswahili wakitaka watoto wasielewe."

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani. Nilizunguka mjini kwenye barabara ya zamani ya maduka nikitafuta nyumba kwa maelezo yake: mlango wa mbao nzito, chumba cha mbele kirefu, chumba cha nyuma chenye dirisha dogo. Nilikuta moja inayofanana. Mbele ni wakala wa pesa za simu na kijana anayeuza kava za simu. Nyuma wanaweka kreti za soda. Kwenye ukuta wa nyuma kuna tundu la mraba lililochimbwa ndani ya tofali, masizi juu yake, na ndani ya tundu kulikuwa na chaja mbili na nusu ya mshumaa. Kijana alisema wamelikuta hivyo hivyo.

Nikapiga picha, nikamtumia. Sauti yake ikaja usiku, ndefu, na kengele zikilia nyuma yake.

"Hapana mwanangu, si hiyo. Yetu ilikuwa na baraza, na rafu ilikuwa ya mbao, sikukuambia? Jaribu upande wa pili wa barabara. Halafu huyo kijana mwambie asiweke mshumaa karibu na waya."